Nyundo ya Ijumaa

"Ishirini na moja," alihesabu mzee Bedřich, na mkono wa chuma ukakitoa kipande cha chuma kwenye tanuri dogo. "Ishirini na mbili. Ishirini na tatu."

Watu wa nchi ile huhesabu sekunde hivyo, wakianzia ishirini na moja, kwa kuwa neno refu huijaza sekunde vizuri. Mzee aliichezesha mikono ile ya mashine kutoka nje ya kioo kinene, bila pupa, kama mtu anayepanga mayai.

"Ishirini na nne!"

Vendula, mtafiti wa maabara ile, alibonyeza kitufe. Ndani ya chumba kile asichoingia binadamu kwa sababu ya mionzi, nyundo ilianguka, na kipande kikakatika mara moja, bila kujipinda hata kidogo. Sauti yake ilikuwa kavu. Vendula hakuipenda.

"Hebu kilete kwenye kamera," alisema.

Kilikuwa na ukubwa wa kidole cha mwisho. Kilitiwa ndani ya tanuri la nyuklia la kituo cha umeme kabla Vendula hajazaliwa, kizeeke pamoja na chungu kikubwa cha chuma kinachobeba moto wote wa kituo. Chungu chenyewe huwezi kukivunja ukione ndani, basi huvunjwa hivi vidogo. Chuma chenye afya hupasuka kijivu na nyuzinyuzi, kama nyama iliyochanwa kwa mkono. Hiki kilimeta kama chumvi ya mawe.

"Lahaula," alisema Bedřich kwa sauti ya chini. "Kwa joto hili hakikupaswa kuvunjika hivyo."

"Ulihesabu sekunde nne, sivyo?"

"Nne. Nimehesabu nne hizo tangu hujaota meno, binti." Alianza kuvua glavu. "Lakini nikuambie kitu. Leo Ijumaa, saa sita inakaribia, kikapu changu cha uyoga kiko garini na mke wangu ameshafika kwenye kibanda chetu cha msituni. Bosi akisema zilikuwa sita na kipande kilipoa, mimi sitagombana naye. Nastaafu Desemba."

"Kwa hiyo mimi niseme nini?"

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Si unataka mkataba?"

Alikuwa anautaka. Ulikuwa mkataba wake wa tatu wa mwaka mmoja mmoja tangu apate shahada ya udaktari, nao ulikuwa unaisha Jumapili. Mpya ulikuwa mezani kwa Kalous, mkuu wa idara mwenye cheo cha docent cha chuo kikuu, tangu Agosti, ukingoja sahihi yake. Kila alipouliza aliambiwa wiki ijayo. Asubuhi hiyo mwenye nyumba naye alikuwa amempigia simu: hataongeza muda wa kupanga mpaka aone karatasi ya kazi kwa macho yake. "Si kwamba sikuamini, mama," alisema, kama wanavyosema wote wasiokuamini.

Docent Kalous alimpokea ofisini vizuri mno, na hapo hofu ikamwingia. Alifunga mlango, akatoa chupa ya pombe ya zambarau iliyopikwa na mkwewe, akamimina vikombe viwili vidogo.

"Mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo ni juu yangu kulisema," alianza. "Tumefanya kazi miaka mitatu. Tuache haya ya bwana docent na bibi daktari. Niite Lubor."

Si jambo dogo hilo. Wako waliomngoja miaka kumi awaambie neno hilo, na wako waliostaafu hawajaambiwa. Kukataa ni tusi. Vendula alikunywa, koo likawaka.

"Haya, Lubor," alisema, na jina likamkaa mdomoni kama kiatu cha mtu mwingine.

"Sasa tuongee kirafiki. Mlihesabu ngapi?"

"Nne. Mwisho ni sekunde tano kutoka tanurini hadi nyundo, sisi tulikuwa nne."

"Kwa mdomo."

"Saa ya mashine imekufa tangu Machi. Ombi la kununua nyingine liko ghorofani, linangoja mtu wa manunuzi."

"Najua liko wapi, nimeliandika mwenyewe. Ninachosema, ni kwa mdomo. Mzee Bedřich akili yake iko kwenye uyoga. Labda zilikuwa sita. Kipande kikapoa, na kikipoa huvunjika kama biskuti, unalijua hilo kuliko mimi. Andika batili, twende zetu nyumbani."

"Na vile vipande saba tulivyovipiga kabla ya hiki? Navyo tulivihesabu kwa mdomo."

"Vile havina tatizo."

"Havina tatizo kwa sababu vilihimili?"

Kalous alikizungusha kikombe chake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na idara ya watu kumi na tisa, na mteja mmoja anayewalisha wote.

"Vendula, sikiliza. Kituo kinaomba kuongezewa miaka ishirini ya kufanya kazi. Wakisikia kipande kimoja kimetusaliti, Jumatatu wanapeleka chuma chao kwenye maabara nyingine, itakayohesabu vizuri zaidi. Halafu huo mkataba wako niusaini kwa fungu lipi? Niambie wewe."

Mkataba wenyewe ulikuwa pale, chini ya bakuli la vibanio. Aliliona jina lake nusu. Alitaka sana kusema ndiyo. Tusimpambe, alilitaka neno hilo mpaka likafika kwenye meno. Likatoka jingine.

"Jaribio likiwa batili, utaratibu unasema lirudiwe. Kimebaki kipande kimoja. Njoo uhesabu wewe."

Alishtuka kusikia sauti yake. Kalous alimtazama, kisha taratibu uso wake ukalegea. Aliamini kwa moyo wote kwamba cha kwanza kilikuwa ajali. Watu wenye matumaini makubwa nao wana hatari yao.

"Sawa," alisema. "Sawa kabisa. Tukimalize."

Bedřich walimkuta ameshavaa koti.

"Uyoga wangu utaoza!" alilalamika, lakini alirudi kwenye kioo.

Walingoja tanuri dogo lipate joto. Jengo zima lilikuwa kimya. Watu wote walikuwa wameshakwenda kwenye vibanda vyao vya mashambani. Vendula aliweka kidole juu ya kitufe. Hakujua aombe nini. Kikihimili, ana kazi, ana nyumba, na chungu kinaendelea kupasha joto miji mitatu. Aliomba kihimili. Hilo pia tusilifiche.

"Ishirini na moja," alisema Kalous, kwa sauti ya mwalimu. "Ishirini na mbili. Ishirini na tatu. Ishirini na nne."

Nyundo ilianguka. Sauti ikawa ileile.

Bedřich alivisogeza vipande kwenye kamera, na skrini ikajaa chumvi.

"Na hiki je?" aliuliza hatimaye. "Nacho tuseme kilikuwa na mafua?"

Kalous alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaangalia tena. Uso ulimzeeka pale pale.

"Usitume taarifa yoyote," alimwambia Vendula.

"Umehesabu mwenyewe, bwana docent."

"Nimesema usitume. Tutalitafakari wiki ijayo, kwa utulivu."

"Wiki ijayo mimi sipo. Mkataba unaisha Jumapili."

"Hilo ni jambo jingine," alisema. Alichukua mkoba wake, akamtakia Bedřich wikendi njema, akaondoka bila kurudi ofisini.

Vendula aliandika majaribio yote mawili: halali. Palipoulizwa nani alihesabu jaribio la pili, aliandika jina la mkuu wa idara. Alituma. Kompyuta ikamjibu kwamba taarifa imepokelewa na inasubiri kuidhinishwa na mkuu wa idara.

"Navitia kwenye pipa la taka," alisema Bedřich, mikono ikiwa tayari kwenye mashine. "Ndio utaratibu, vikishavunjika."

"Viache chini ya darubini. Tafadhali, mzee."

Mzee alizisukuma nusu nne zile mpaka kwenye meza ya darubini, akaziacha pale.

"Mimi nilikuwa msituni," alisema. "Sijaona lolote."

Getini mlinzi, mama Havránková, aliisoma kadi ya Vendula kwenye mashine, akaishika badala ya kuirudisha.

"Yako inaisha Jumapili, binti yangu, na wikendi ofisi ya kadi imefungwa. Niachie leo, tusisumbuane."

"Jumapili saa ngapi?"

"Saa sita usiku, kompyuta inavyosema."

"Basi nirudishie. Kesho nakuja kazini."

"Jumamosi? Nani atakulipa?"

"Hakuna."

"Sasa unakuja kufanya nini?"

"Kupiga picha za vipande vilivyovunjika, kabla havijatupwa," alisema Vendula. Alinyoosha mkono. "Nirudishie kadi, mama. Na kesho saa mbili asubuhi uniwashie taa za ghorofa ya pili, kwenye maabara."