Rafiki wa Steringi

Jumamosi ya mnada, Klara alifungua kibanda chake cha video mchana kama kawaida. Alinyunyizia sakafu maji ili vumbi litulie, akapanga mabenchi, akawasha jenereta na kuweka filamu ya daraja. Ni filamu ya miaka ya tisini, na kila mtu pale machimboni, mwendo wa pikipiki kutoka Kiomboi, ameshaiona mpaka basi. Steringi ana koti la ngozi na njiti ya kiberiti mdomoni. Maadui wanammiminia risasi kutoka kwenye helikopta. Risasi zinapasua vioo, zinapasua magari, zinapasua matikiti maji ya watu sokoni, na yeye hazimpati. Halafu daraja zima linalipuka na yeye anatembea.

Si kwamba Klara hakujaribu filamu mpya. Aliwahi kuleta za siku hizi kwenye flashi, picha safi kabisa. Wachimbaji walivumilia mpaka pale steringi alipokaa kwenye kochi akaanza kumweleza daktari habari za utoto wake huku analia. Wakaanza kugonga mabenchi. "Mama, huyu analia nini na bunduki anayo?" mmoja akauliza. Mtu aliyeshinda chini ya ardhi tangu alfajiri hataki kuja kumwangalia mtu mwingine mwenye wasiwasi. Anataka kuona paa linaanguka na mtu anatoka. Anataka adui ajulikane kwa sura tangu mwanzo, na afe kabla jenereta haijaishiwa mafuta. Klara akarudi kwenye zile za zamani, na kibanda kikajaa tena mpaka watu wakawa wanachungulia kwenye matundu ya bati.

Chrispin alikuwa mtu wa benchi la mbele. Alikuwa mchimbaji wa kawaida, mfupi, na kwa miaka yote aliyokaa machimboni hakuwahi kukosa filamu hata moja. Mambo yake yalianza taratibu. Kwanza, lori la vitunguu lilikatika breki mteremkoni likaja moja kwa moja alipokuwa amesimama. Likaruka juu ya kichwa chake na kwenda kutua kwa wachoma nyama. Kisha pipa la petroli likalipuka karibu na mashine ya kusagia mawe, na Chrispin akatoka kwenye moshi akitembea polepole bila kugeuka nyuma. Siku hiyo hapakuwa na upepo, lakini shati lake lilipepea. Waliokuwa karibu walisikia ngoma na magitaa, wakakubaliana kwamba muziki ulikuwa mzuri ila sauti ilizidi kidogo. Chrispin alikuwa na mkwaruzo mdogo juu ya jicho la kushoto, na kesho yake haukuwepo.

"Steringi hafi," watu wakasema, wakaendelea na kazi zao.

Aliyefurahi kuliko wote ni Melkizedeki, mwenye duara. Duara ndiyo shimo lenyewe la dhahabu, na lile la Melkizedeki lilikuwa refu, lenye mwamba mbovu unaomeguka hata ukikohoa. Shimo la namna hiyo lazima lishikiliwe kwa matimba, yaani magogo yanayopangwa kuanzia ukutani mpaka juu ili udongo usishuke. Melkizedeki alikuwa akiahidi matimba tangu masika ya mwaka juzi. Sasa akaacha hata kuahidi. Alimhamishia Chrispin kwenye njia ya chini kabisa, na kila aliyeuliza akajibiwa hivi: "Matimba ya nini, na Chrispin yumo?"

Mwenzake wa kwanza kule chini alikuwa Calist, kijana wa Kintinku, mtu wa maneno mengi na vicheko. Walielewana vizuri sana, na hapo ndipo ubaya ulipoanzia. Siku moja wakati wa mapumziko, Calist alitoa simu akamwonyesha Chrispin picha ya mchumba wake. Akasema akipata kiroba kimoja tu cha mawe ya maana, anaacha kazi hii, anakwenda kujenga Mandewa. Wote waliokuwepo wakatazama chini. Mzee mmoja alimwambia airudishe simu mfukoni haraka, lakini picha ilikuwa imeshaonekana. Mchana huohuo udongo ulishuka. Chrispin alitoka na mkwaruzo wake, akapiga magoti kwenye mdomo wa shimo, akainua uso, akapiga kelele ndefu mpaka kunguru wakaruka. Calist alipelekwa kuzikwa kwao.

Baada ya matanga, Melkizedeki akamtaja atakayeshuka na Chrispin. Alikuwa Benjamin.

Benjamin alikuwa mume wa Dorkas, na binti yao hata meno alikuwa hajaota. Dorkas alikuwa anasonga ugali wa uwele alipoletewa habari. Hakuacha kusonga, kwa sababu ugali hausubiri, ila mwiko ulikuwa unagonga sufuria ovyo. Aliogopa. Aliogopa mpaka usingizi ukamkimbia, na asubuhi akamfunga mtoto mgongoni akaenda kwa Melkizedeki.

Alimkuta chini ya turubai lake, anakunywa chai.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Mzee, nimekuja kwa ajili ya matimba."

Melkizedeki akaweka kikombe chini. "Mwanangu, magogo siku hizi unayapata wapi? Halafu mumeo anashuka na Chrispin. Kuna mtu mwenye bahati kuliko yeye hapa?"

"Calist alishuka na Chrispin."

"Calist alionyesha picha," Melkizedeki akasema kwa upole. Watu waliokaa chini ya turubai wakaitikia kwa vichwa. Dorkas alijua picha ilionyeshwa kweli.

Akarudi nyumbani, akachukua simu ya Benjamin, akafuta picha zote za mtoto. Akamkataza kusema "nikipata". Akamkataza kusema "mwakani".

"Ukiulizwa mtoto anaendeleaje, sema hujui," akamwambia.

"Nitasemaje sijui hali ya mwanangu?"

"Utasema hivyohivyo, baba. Sijui."

Haikumtosha. Akaenda kibandani kwa Klara, akakaa benchi la nyuma na mtoto ananyonya, akaangalia filamu moja baada ya nyingine mpaka Klara akamletea mto wa kukalia. Dorkas hakuwa anamwangalia steringi. Huyo anajulikana. Alikuwa anaangalia wale wengine, nani anabaki mwisho. Rafiki anakufa katikati ili steringi akasirike. Adui mkubwa anakufa mwishoni. Wale maadui wadogo wanakufa muda wote, wanaanguka maghorofani, na hakuna hata mmoja anayetajwa jina. Mwanamke anabaki, lakini Benjamin si mwanamke. Dorkas alikuwa ameshaanza kukata tamaa alipomwona mkuu wa polisi. Yupo karibu kila filamu. Ni mtu mzima, tai imelegea, anapiga meza, anamfokea steringi na kumwambia arudishe bunduki na kitambulisho. Hana msaada wowote, na mwisho wa filamu bado yupo.

"Dada Klara," akauliza, "huyu mfokaji, kuna filamu anakufa?"

Klara akafikiri vizuri, maana aliheshimu kazi yake. "Presha inampanda," akasema. "Kufa, hapana."

Shida ikawa Benjamin mwenyewe. Yule alikuwa mtu ambaye kuku wakiingia ndani anawaomba watoke. Dorkas alimpeleka nyuma ya nyumba, akageuza ndoo kichwa chini, akamwambia ndoo ndiyo Chrispin.

"Chrispin, umenichosha," Benjamin akaiambia ndoo.

"Kwa nguvu."

"Chrispin, umenichosha kabisa, ndugu yangu."

"Toa hilo ndugu yangu," Dorkas akasema, na machozi yalikuwa yanamlenga. Walifanya hivyo mpaka majirani wakaja kuwasuluhisha.

Jumatatu Benjamin akashuka, na kabla kamba haijafika chini akaanza. Alimfokea Chrispin kwa kuvaa kofia upande. Alimfokea kwa kutangulia bila ruhusa. Alimwambia anataka maelezo mezani kwake, ingawa chini ya ardhi hapakuwa na meza. Chrispin hakukasirika. Alihamisha njiti upande wa pili wa mdomo, akatikisa kichwa, akaenda kufanya kinyume cha alichoambiwa. Dorkas alikuwa juu, amekaa karibu na mdomo wa shimo anachambua mlenda, na kila sauti ya mume wake ilipopanda, yeye alipumua. Ikawa hivyo kila siku. Alijifunza kupumua kwa kufuata makelele.

Kisha ikaja Alhamisi ambayo makelele yalikatika katikati ya neno.

Dorkas aliinuka. Mlenda ulimwagika. Kamba ilitikisika, ikaacha. Vumbi likaanza kutoka shimoni, kwanza jembamba, kisha zito, na ardhi ikatoa sauti ya chini ambayo aliisikia miguuni kabla ya masikioni. Watu walisogea wakasimama. Alitaka kuita jina la mume wake, akajizuia, kwa sababu kwenye filamu anayeitwa jina kwa uchungu huwa haitiki. Aliuma kitenge. Mtoto mgongoni alikuwa amelala.

Kwa mbali kule chini, magitaa yakaanza.

Chrispin alipanda akitoka kwenye vumbi polepole, shati linapepea, mkwaruzo juu ya jicho. Hakugeuka nyuma. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Dorkas aliangalia pale nyuma ya Chrispin, akaendelea kuangalia, na vumbi likaendelea kutoka.

"Nani amekuruhusu kutoka kabla yangu?" sauti ikafoka kutoka shimoni. "Chrispin! Nani?"

Benjamin alitokeza, mweupe kwa vumbi, amekasirika kwelikweli. Dorkas alikaa chini. Alifurahi mpaka akaona aibu, kisha aibu ikapita na furaha ikabaki.

Chini walikuwa wamebaki wawili, wabeba udongo waliofika juzi yake kutoka mbali. Hakuna aliyekuwa amewauliza majina. Mmoja alivaa jezi nyekundu. Chrispin hakupiga magoti wala hakupiga kelele, kwa sababu hawakuwa rafiki zake, na kunguru walibaki mtini. Klara alikwenda kutandika kanga juu ya udongo, akaomba dua yeye mwenyewe. Melkizedeki alileta kreti ya soda na kusema kazi itaendelea Jumatatu.

Ila alikuwa ameipenda ile sauti. Jumatatu alimtoa Benjamin shimoni akampa kiti chini ya turubai, awe msimamizi. Dorkas aliimba akifua nguo siku hiyo. Picha za mtoto zikapigwa upya, nyingi tu. Benjamin aliendelea kufoka, kwanza kwa kazi, baadaye kwa mazoea, na kuku wa nyumbani wakawa hawaingii tena ndani. Wachimbaji walipomfuata kuuliza habari za magogo, alipiga meza. "Matimba ya nini, na Chrispin yumo?" alifoka, na ilisikika mpaka mnadani. Dorkas aliisikia akiwa anakamua alizeti uani. Aliacha kukamua kidogo, kisha akaendelea.

Jioni moja Eliza alikuja uani kwake. Alikuwa binti mdogo, ameolewa mwaka huohuo, na mume wake ndiye aliyekuwa ametajwa kushuka na Chrispin kesho yake. Alisalimia shikamoo ingawa hawakupishana sana umri. Akakaa kwenye ukingo wa kigoda.

"Dada Dorkas," akasema, "nimekuja uniombee kwa shemeji. Habari ya matimba. Wewe atakusikiliza."

Ndani, Benjamin alikuwa anaifokea redio. Dorkas alitazama mlango, akamtazama mtoto wake aliyekuwa anatambaa karibu na kiti kipya cha baba yake. Alijua "atakusikiliza" ni neno la kweli, na alijua pia kwamba msimamizi anayeomba magogo hurudishwa shimoni.

"Eliza," akasema, "mume wako anaweza kufoka?"

Eliza akafikiri.

"Hapana, dada," akasema. "Yule hata mbuzi anaongea naye taratibu."