Jina kwa Herufi Ndogo

Mwaka 1994 ofisi ya wakili Revelian, Chang'ombe, ilinunua kompyuta. Atuganile, mpiga chapa, akafundishwa kuandikia wateja wote barua moja: mahali pa jina anaweka neno JINA, mashine inajaza yenyewe. Akiliandika neno hilo kwa herufi kubwa, jina la mteja linatoka kubwa lote. Akiliandika kwa ndogo, linatoka dogo lote.

"Wenye viwanda, kubwa," wakili aliagiza. "Hawa wa kota, ndogo. Waijue nafasi yao."

Wa kota walikuwa mafundi wa kiwanda cha nguo kilichouzwa, waliopinga kufukuzwa kwenye nyumba zao. Mnunuzi wa kiwanda naye alikuwa mteja wa Revelian.

Mafundi walipopata barua zao, walifupika, wakaja ofisini wakiwa na kimo cha magoti. Mzee Mwishehe alibebwa kiunoni na mkewe, Mwanaasha.

"Shikamoo, mzee," Atuganile alisema, akiinama.

"Marahaba, mwanangu. Kesi lini?"

"Alhamisi."

Mwanaasha alieleza kwamba sasa anamshonea mumewe suruali za mabaki ya kanga. Hakulalamika. Aliyeshindwa kumeza chakula cha mchana kwa hasira ni Atuganile.

Alirudi kwenye mashine akaandika Jina, herufi ya kwanza tu kubwa, kama watu wanavyoandikwa. Barua mpya akawapa mkononi. Mwishehe alisoma yake, akarefuka mpaka kimo chake cha zamani, suruali ikachanika. Mwanaasha akamfunga kanga.

Alhamisi asubuhi wakili aligundua.

"Nani kakuruhusu?"

"Majina yao ndivyo yalivyo, bosi."

"Mie ndiye ninayejua yalivyo."

Akachapa barua nyingine kwa herufi ndogo, akawagawia mwenyewe mlangoni mwa mahakama.

Walalamikaji walipoitwa, wote waliitika. Hakimu alitazama mbele ya meza yake, hakuona mtu, akaandika kuwa hawakufika. Kesi ikatupwa.

"Wapo hapo chini!" Atuganile alipaza sauti. "Inama uwaone!"

"Mahakama haiinami, dada," karani alimwambia kwa upole, akamfungulia mlango.

Kota zikavunjwa wiki ileile. Atuganile akapewa barua ya kufukuzwa kazi. Hakuifungua. Alikwenda nayo Buguruni, kwenye chumba alichopanga Mwanaasha, akaitia jikoni chini ya sufuria ya maharage. Iliungua vizuri, lakini hasira haikumtoka.

Mwishehe alikuwa ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Rufaa ipo?" aliuliza.

"Ipo, mzee," Atuganile alijibu. "Ila lazima wakili awaandikie barua kwanza."