Unyayo wa Kulia

Watu wa Mji wa Kale wana ubaya mmoja: wakishakupa jina, hata ukifa watakuzika nalo. Kamaludin, muuza kahawa wa Ndia Kuu, walimwita Wa Pili. Kila Idi, mbio zilipokimbiwa uwanjani Makadara, alitoka wa pili nyuma ya Mutunga, mpakiaji mizigo wa Shimanzi. Miaka yote ya vita vya Wazungu ilikwenda hivyo, na vita vilipokwisha mambo yakawa ni yale yale. Yeye mwenyewe angevumilia. Kilichomuuma ni mkewe, Mwanakuu, ambaye bombani wanawake walimwita mke wa Wa Pili. Alipoitwa hivyo Mwanakuu hakuitika. Alijaza mtungi wake, akauinua, akaondoka zake.

Idi ya mwaka huu Kamaludin aliapa kwamba jina hilo litakufa. Lakini mguu wake ulikuwa na mambo yake. Kila alfajiri alipokwenda kujinoa Makadara alirudi akichechemea, unyayo wa kulia umelika upande wa nje, chini ya kidole kidogo, malengelenge juu ya malengelenge. Wa kushoto ulikuwa mzima kama hakuutumia. Miguu miwili ya mtu mmoja, inakimbia peku kwenye uwanja mmoja, mbona mmoja uonewe?

Akaupaka hina ngozi iwe ngumu. Hina ikakolea, malengelenge yakarudi yakiwa mekundu. Akachukua kijiwe akausugua ule mzima, afanye usawa, akajipa vidonda miguu yote miwili. Mwisho akaingiwa na wasiwasi kwamba kuna aliyechota mchanga wa unyayo wake akaupeleka kwa mganga, basi akawa akikimbia mbio moja, anageuka nyuma, anafuta nyayo zake kwa kanga ya mkewe. Wapita njia walimuuliza kapoteza nini. Yeye alizidi kufuta.

Asubuhi moja aliingia ndani na miguu yenye umande, akapita juu ya sakafu ambayo Mwanakuu alikuwa ametoka kuipiga deki.

"Simama papo hapo!" Mwanakuu alimkemea. Kisha akaziinamia nyayo. "Ebu tazama. Huu wa kushoto umelala wote. Huu wa kulia ni ukingo tu. Wenda upande, bwana."

"Nakwenda sawa."

"Ndoo hapa, nenda tena nikuone."

Akaenda. Mwanakuu akamtazama, akaanza kucheka.

"Dele lako la kahawa liko wapi?"

"Si lile pale, juu ya jiko."

"Mbona basi mkono wa kushoto umeushikilia pale pale, kama umebeba dele? Huo wa kulia wapunga, huo mwengine umekufa. Nawe unalikwepa dele lisiloko, usijiunguze!"

Kamaludin aliutazama mkono wake kama mgeni aliyeingia bila hodi. Tangu ujana alibeba dele la shaba mkono wa kushoto, na makaa yake chini, mwili ameuinamisha kulia ili moto usimfikie. Mkono wa kulia ulikaa na vikombe, kwa sababu mtu hapewi kahawa kwa mkono wa kushoto. Sasa alielewa kwa nini katika mbio alivutwa kulia, hata Idi iliyopita akamalizia karibu na meza ya muuza halua.

Tangu siku hiyo akahamisha dele mkono wa kulia. Akitembea, dele kulia. Akisimama kumimina, analirudisha kushoto. Alfajiri akikimbia, aliuamrisha ule mkono mvivu kwa kila hatua: kushoto, kushoto, kushoto. Malengelenge yakaanza kukauka. Kichwa ndicho kilichochafuka. Alifungua milango kwa mkono usiozoea, akafunga shuka kinyume, na mchana mmoja barazani, bila kujua, akampa Mzee Badawi kikombe kwa mkono wa kushoto.

Mzee Badawi, mkubwa wa mtaa na mtoaji wa zawadi za Idi, hakukipokea.

"Shetani hula kwa mkono huo, mwanangu. Kahawa hii mpe yeye."

"Niwie radhi, mzee wangu. Nimechanganyikiwa."

"Naona," alisema mzee.

Siku ya Idi Makadara ilijaa. Mutunga alimpa Kamaludin mkono, akamtania kwamba nafasi yake ya pili imeshapanguswa vumbi. Filimbi ikalia. Kamaludin hakumtazama mtu. Kushoto, kushoto, alijiambia, na mkono ukapunga, na unyayo wa kulia ukatua wote chini, mpana. Meza ya halua ikabaki mbali kabisa. Alipoinua macho, mbele yake hapakuwa na mgongo wa Mutunga. Hapakuwa na mtu. Alidhani amepotea njia.

Watu wakamsukuma hadi kwa Mzee Badawi, ambaye alikuwa amemnyooshea kilemba cha hariri, zawadi ya mshindi. Kamaludin alikuwa bado anahema, na kichwani bado anajiambia: kushoto, kushoto. Akanyoosha mkono.

Alipoona uso wa mzee ndipo alipojua ni mkono upi. Alitamani ardhi impasukie. Mzee Badawi akatikisa kichwa, akamtupia kilemba begani. Uwanja ukaangua kicheko, na mtu mmoja akapaza sauti: "Kushoto!" Basi, ikawa kazi imekwisha.

Alifika nyumbani hajui alie au acheke. Mwanakuu alikuwa amemwagia sakafu maji makusudi. Kamaludin akapita, na nyuma yake zikabaki nyayo mbili zilizolingana.

"Wa ngapi?"

"Wa kwanza. Lakini wamenipa jina jengine."

Kabla hajalitaja, Tumu wa nyumba ya pili aliita dirishani, sauti ya kufika mtaa mzima: "Mke wa Kushoto! Yeo huji bombani?"

Kamaludin aliinamisha kichwa. Mwanakuu alikitazama kilemba, akazitazama nyayo, akajitwika mtungi.

"Naja!" aliitika.