Alama ya Kona ya Kushoto

Alama ilitangulia kufika. Saa moja asubuhi mtunza uwanja alikuwa akiburuta jamvi la kusawazishia udongo mwekundu, na alipofika kona ya kushoto aliikuta: duara dogo kama mdomo wa kikombe cha kahawa, upana wa vidole viwili ndani ya mstari mweupe. Akajua kwamba bingwa atafika kesho. Akaizunguka, akamaliza upande ule, akaenda kunywa chai.

Bingwa alikuwa ndugu yake, mtoto wa mama yake mdogo. Walilelewa chumba kimoja, wakagombania mto mmoja. Miaka ishirini na mbili iliyopita, kwenye uwanja huohuo, walikutana fainali ya vijana. Nafasi ya kwenda chuo cha tenisi ilikuwa moja. Vijana hawakupewa refa. Kila mchezaji alitangaza mwenyewe kama mpira ulioangukia upande wake umeingia au umetoka, na mwenzake alimwamini. Kwenye pointi ambayo ingemaliza mechi, mkubwa, mtunza uwanja wa leo, alipiga mpira ukadunda kona ya kushoto, ndani. Mdogo akainua kidole: umetoka. Mkubwa alipovuka kwenda kutazama alama, mdogo alikuwa ameshaipangusa kwa kiatu. Pointi tisa baadaye mdogo akashinda.

Nyumbani mkubwa alisema ameibiwa. Mama yake alimjibu kuwa asiyekubali kushindwa ndiye mwizi, akamkalisha mbele ya ukoo mzima aombe radhi kwa kumsingizia mdogo wake. Akaomba. Mdogo akaipokea radhi hiyo kwa mikono miwili.

Alama ilimfuata mdogo chuoni wiki ya kwanza. Tangu hapo ilikuwepo kila alikocheza, kwenye udongo, kwenye nyasi, kwenye saruji, na alipobadilisha upande nayo ilihama. Mpinzani mmoja alilalamika. Chama cha tenisi kilikaa kikao cha dakika arobaini, kikaamua kwamba alama ni sehemu ya uwanja kama zilivyo nguzo za wavu, kisha kikaingia kwenye ajenda ya taulo.

Alama ndiyo iliyomfundisha kucheza. Kwa kuwa hakutaka mpira wowote udunde tena kwenye kona ile, aliukimbilia wavu na kuipiga mipira angani, mkono laini, miguu haitulii. Hakuna aliyewahi kucheza karibu na wavu kama yeye. Waandishi waliuita ujasiri. Kabla ya kila pointi alirudi nyuma akaisugua alama kwa kiatu cha kulia, mara tatu, macho yakiwa kwa watazamaji, nayo ikabaki palepale. Mashabiki wakambandika jina la Pangusa. Alichukua mataji makubwa tisa. Kiatu cha kulia kilimwishia mapema kuliko cha kushoto, hivyo akashonewa soli nene upande mmoja.

Sasa alikuwa anastaafu, na aliomba aagwe pale alipoanzia. Alifika Jumatano, akamkuta mtunza uwanja anapaka chokaa mistari.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umenenepa. Ndiyo maana unakimbilia kustaafu."

Walicheka kidogo. Kisha bingwa akamwomba aifute alama, maana kesho zitakuja kamera.

"Hiyo nimeipiga mimi," mtunza uwanja alisema, bila kuacha kupaka. "Siifuti."

"Unataka nini, kaka? Sema, nitafanya."

"Niliomba radhi mbele ya watu. Nirudishie radhi yangu. Mama atakuwepo kesho, safu ya mbele. Kipaza sauti utapewa wewe."

Bingwa aliitikia kwa kichwa. Alisema atafanya, na wakati anasema alikuwa anamaanisha.

Alhamisi uwanja ulijaa. Mama mkubwa, mama yake mtunza uwanja, alikaa safu ya mbele, ameshika mkoba mapajani, macho yamepungua nuru. Watoto thelathini waliingia na raketi, wakasimama kona ya kushoto, wakasugua udongo kwa viatu vya kulia, mara tatu, kwa pamoja. Watazamaji wakashangilia. Mtangazaji akamuuliza bingwa siri ya kiatu.

Bingwa alimtazama mama mkubwa. Akamtazama mtunza uwanja, aliyesimama mlangoni na jamvi lake. Uso ukamwaka moto hadi masikioni.

"Ni mazoea tu," alisema. "Na namshukuru mama yangu mkubwa, aliyetufundisha kukubali kushindwa."

Mama mkubwa akapiga makofi. Aligeuka kumtafuta mwanawe, na alipomwona naye anapiga, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Watu walipoondoka, mtunza uwanja alianza kuburuta jamvi. Mikwaruzo ya viatu thelathini ilikwisha kwa mzunguko mmoja. Alipoifikia alama aliizunguka, kama kawaida, akakunja wavu, akaenda kumtafutia mama yake usafiri wa kurudi nyumbani.