Milio Miwili ya Sanduku

Nyundo aliyokuja nayo Stamen asubuhi ile ilikuwa ya kuvunjia reli. Sanduku letu la diski, lile lililokuwa likihifadhi picha za kamera zote za ukumbi wa ndondi, alilitwanga mpaka likawa bapa kama sinia ya kuokea banitsa, ule mkate wetu wa jibini. Mlinzi alipomuuliza kulikoni, akamvunja taya. Kisha akaondoka bila kuaga. Watu wa mji wetu wa Pernik bwana, adabu hatuna.

Sababu alikuwa nayo. Mdogo wake, Dobri, alikuwa hospitalini na ufa kwenye fuvu, na aliyempasua ni Ognyan, mtoto wa Zlatina mwenye ukumbi. Ognyan yuko rumande. Picha zile tu ndizo zilizoonyesha kwamba Dobri aliingia na nondo akapiga wa kwanza. Hakimu angeamua kesho yake. Bila picha, kijana anakwenda kuozea jela.

"Vesko," Zlatina akaniambia mimi fundi wake, macho mekundu, "usinifiche. Ndiyo basi tena?"

"Mama Ognyan, kilichokufa ni ubongo wa sanduku. Diski ni kama mabondia wako: zimepigwa, zinaona nyota, lakini hazijalala."

Nikazichomoa, nikazipachika kwenye sanduku jipya, kila moja mahali pake. Likaniuliza: nizifute diski? Hapo ndipo mafundi wenye haraka wanapozika picha za watu. Nikakataa. Mipangilio ya zamani ilikuwa imekufa pamoja na ubongo, lakini Zlatina ana ukumbi mwingine kule Radomir, wenye sanduku pacha. Nikanakili mipangilio ya lile pacha nzimanzima, nikaimimina humu, nikabadilisha jina, anwani na mahali pa kupeleka nakala: ofisini kwa wakili. Picha zikaonekana. Kamera zikaamka. Nakala zikaanza safari, na kwenye kioo cha kompyuta nikaona idadi ya zilizobaki ikishuka. Zlatina nikamtuma akasubiri kwa wakili. Mimi nikajimiminia rakia, pombe kali ya matunda.

Mlango ukaingia ndani pamoja na bawaba zake.

"Nani kakwambia ulifufue?" Stamen, na nyundo yake. Nyuma yake binamu yake Lyuben, shingo hana.

"Karibu, bingwa. Mlango ulikuwa wazi, ungesukuma tu."

Ngumi ya kwanza ikanipeleka kwenye gunia la mazoezi, gunia likanirudisha kwa ya pili. Vizuri, nikawaza. Akinipiga mimi, halipigi sanduku. Basi nikazidi kumchokoza.

"Hiyo ndiyo ngumi? Mke wangu akinikosa huwa inauma zaidi."

Lyuben akanikanyaga mbavu. Nikasikia kitu kikikatika kama kuni mbichi.

"Babu, nyamaza!"

"Na wewe, shingo uliiuza wapi?"

Nondo ya kunyanyulia uzito ikanishukia mkononi. Damu ikanijaa mdomoni. Nikatupa jicho kiooni nijipe moyo, na moyo ukazama: idadi haikuwa ikishuka. Ilikuwa inapanda.

Ndipo nikakumbuka mipangilio ya Radomir ilivyo. Kamera zinarekodi pale tu kitu kinapotikisika, na picha mpya zinatangulizwa kupelekwa. Niliiweka mwenyewe, kisha nikainakili bila kuipitia. Kila ngumi niliyoichokoza ilizaa picha mpya, na kila picha mpya iliziruka picha za Ognyan kwenye foleni. Mjinga mimi nilikuwa ninamfunga kijana kwa mdomo wangu.

Tangu nizaliwe sijawahi kuambiwa nyamaza nikanyamaza. Siku ile nilinyamaza. Teke lililofuata lilinikuta nimelegea kama soksi, macho wazi, damu ikinitoka puani, kimya.

"Stamen," Lyuben akanong'ona. "Huyu amekufa."

"Usimguse."

"Nilimpiga kidogo tu, naapa kwa mama!"

"Tulia, nifikirie!"

Wakasimama wima kama miti, wote wawili, wakinitazama. Nami nikijizuia kukohoa, mbavu zikinichoma mapafu. Kamera haikuona cha kurekodi.

Sanduku likalia: pii, pii. Mlio huo niliutia Radomir kwa ajili ya meneja wao, maana ukimwambia kazi imekwisha haamini.

Stamen akaruka. "Nini hicho?"

"Mkate umeiva," nikasema kutoka sakafuni.

Alivyonifanya baada ya hapo sitaeleza, maana nami najionea aibu. Aliponichoka akaligeukia sanduku, akasaga diski moja moja mpaka zikawa chenga. Kisha wakaondoka wakicheka.

Simu ikaita. Nikaibonyeza kwa kiwiko.

"Vesko, zimefika zote!" Zlatina alikuwa analia. "Dobri anaonekana waziwazi, na nondo yake. Mwanangu anarudi! Ila wakili anauliza, yule mzee wanayempiga kama zulia ni nani?"

Nilitaka kumjibu. Jino lilikuwa limekaa mahali pa neno.