Vigingi vya Minyaa

Jumatatu moja ya mwaka 1997, saa tatu asubuhi, Leodgar wa ofisi ya ardhi aliishiwa vigingi akipima viwanja vya Bangwe. Zilikuwa zimebaki pembe nne tu za ua wa Capitoline, mjane aliyekimbia Burundi mwaka 1972. Leodgar, mzaliwa wa Simbo, huko huko Buha, ambaye alipaswa kujua, alikata fimbo nne mbichi za mnyaa kwenye uzio wa mjane, akazichonga na kuzipigilia. Kila mkulima wa Buha anajua kwamba mnyaa ukishachomekwa umeweka mpaka, na mpaka wa mnyaa hauna mzaha. Lakini watu wakipata kalamu husahau haraka.

"Shikamoo, mama. Mita ishirini kwa ishirini na tano."

"Marahaba. Nitapewa?"

"Ardhi haitoshi, mama. Ingetosha, ungefikiriwa."

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Capitoline alikuwa ameshika jembe miaka ishirini na mitano, na hakuna aliyemwambia ugeni huisha lini. Mwezi ule malori yalikuwa yanazoa wakimbizi mitaani na kuwapeleka kambini, na ilisemekana mwenye kiwanja kwa jina lake ataachwa. Basi hakutulia. Alifunga mzigo asubuhi, akaufungua mchana, akaufunga tena.

Jumatano vigingi vilikuwa vimechipua na choo kimesogea mbali kidogo. Alhamisi alibandika mihogo, akaenda chooni, akarudi imeungua. Nyumba za majirani hazikusogea hata shubiri. Ardhi ilikuwa inaongezeka kwa ndani, baina ya vigingi vinne. Jumamosi Hamdani, balozi wa nyumba kumi, alipiga hodi uzioni saa nne, akafika mlangoni saa tano.

"Mama Irambona, ua wako umekua," alimwambia Capitoline, akiomba maji.

"Ego," aliitikia kwa Kirundi, "umekua. Sasa inatosha, Balozi. Nenda ukawaambie."

Leodgar alikuja na utepe, siku ya pili akaja na baiskeli. Mkuu wake aliuliza jambo moja tu, kama vigingi vile vilipigiliwa na ofisi. Vilipigiliwa na ofisi. Hapo sheria haikuwa na neno, na ramani ikachorwa upya: barabara mbili, eneo la wazi, eneo la zahanati, na viwanja arobaini na kimoja. Capitoline alifurahi mno. Alifungua mzigo, akatundika hata sufuria.

Majina yalibandikwa Ijumaa. Alikuwamo mtu aitwaye Pastory, alikuwamo mwingine aitwaye Nikodemu, na bwana mmoja wa mjini alikuwamo mara tatu. Capitoline aliisoma orodha mara mbili kwa kidole, jina lake asilione, kisha akamfuata Leodgar mezani kwake.

"Ulisema ardhi haitoshi."

"Ilikuwa haitoshi, mama. Sasa inatosha." Leodgar aliona haya, akatazama viatu vyake. "Lakini fomu inaanza na uraia. Ukubwa wa ardhi uko ukurasa wa pili."

"Na minyaa ni yangu."

"Minyaa ni yako, mama. Hilo hakuna anayelikataa."

Capitoline aliumia, akalia pale pale ofisini, na watu waliokuwa kwenye foleni wakampisha apite.

Lori liliingia uani Jumapili ili limfikie Jumatatu. Saa mbili asubuhi alipanda na mzigo wake. Walipita misingi iliyokwisha kuchimbwa, wakapita mafundi wakifyatua matofali, wakasimama kupoza injini, wakaendelea. Kila walikopita, wenye viwanja walitoka kusalimia, maana watu wa Bangwe wana adabu zao. Saa saba mchana uzio ulikuwa bado hauonekani. Nikodemu, wa kiwanja namba ishirini na tisa, alimpandishia mama wa watu kikombe cha maji.

"Karibu kwetu, mama. Unatoka mbali?"

"Natoka hapo mlangoni," alisema Capitoline, akanywa, akamrudishia kikombe.