Kitufe Kwenye Sifuri

Fundi Waya hakupewa jina hilo bure. Mifuko yake haikukosa vipande vya waya, hata siku alipomwoza binti yake. Katika picha za arusi anaonekana ametabasamu hadi jino la mwisho, na ncha ya waya mwekundu inachungulia kwenye koti jipya. Mkewe alikuwa amefariki zamani, na huyo binti ndiye mtoto pekee aliyemwachia.

Binti alikuwa mpimaji katika maabara ya hospitali kubwa. Mumewe alikuwa dereva wa pikipiki wa hospitali hiyohiyo: alizunguka zahanati za mbali kuchukua chupa za damu na makohozi, akazileta maabara kwenye boksi la baridi. Walijuana kwenye dirisha la maabara. Yeye anakabidhi boksi, mwenzake anatia sahihi, mpaka siku moja sahihi ikachukua nusu saa.

Jioni moja mkwe huyo aliingia karakana ya Fundi akisukuma pikipiki badala ya kuiendesha.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unatembea na farasi badala ya kumpanda?"

"Farasi amenichoka. Ikifika mwendo wa tisini kwenye ile barabara iliyonyooka, usukani unaanza kutikisika wenyewe. Leo umetikisika mpaka meno yamegongana. Nikasema ndiyo basi, nimekwisha."

Fundi alichuchumaa mbele ya pikipiki, akawasha tochi. Ilikuwa pikipiki kubwa, ya mtumba, injini haina kasoro. Karibu na usukani kulikuwa na dampa, kifaa kidogo chenye mafuta ndani, ambacho kazi yake ni kuutuliza usukani usicheze ovyo. Dampa hiyo ilikuwa ya umeme. Kompyuta ilipima mwendo, ikapeleka umeme kwenye vali iliyo ndani ya dampa: mwendo mdogo, umeme kidogo na usukani mwepesi, mwendo mkubwa, umeme mwingi na usukani unakazwa. Lakini kompyuta hiyo iliingia maji msimu wa mvua, ikafa. Ya kubadilisha haikupatikana. Tangu hapo dampa ilikuwa inaning'inia pale kama pambo.

"Dampa yenyewe ni nzima," Fundi alisema, akifuta mikono. "Haina wa kuiamuru tu. Nitaitoa kompyuta, umeme wake niupitishe kwenye kitufe cha kuzungusha, kama kile cha sauti ya redio. Nakifunga hapa, karibu na kidole gumba chako cha kushoto. Ukishika barabara ndefu, unaongeza. Ukikaribia kona, au watu, unarudisha sifuri. Umenisikia? Sifuri. Dampa ikikazwa kwenye mwendo mdogo, usukani haukati kona. Kuanzia leo kompyuta ni wewe."

Mkwe alicheka. "Basi, Baba, niombee nami nisiingie maji."

Kazi ilichukua siku mbili. Fundi aliitengeneza kwa mapenzi, maana redio na mataa ya magari yalikuwa yamemchosha, na hili lilikuwa jambo jipya. Ndani ya kiboksi cha plastiki alipanga sakiti yake: kitufe kinaamuru, na transista moja inapitisha umeme kwa kadiri ya amri. Alikata alama kwa msumari kuzunguka kitufe, toka sifuri hadi kumi. Akaunganisha betri mezani, akajaribu. Kwenye sifuri, fimbo ya dampa iliteleza kama kisu kwenye siagi. Kwenye kumi, ilimbidi aisukume kwa mikono miwili.

Akaiacha kwenye kumi kwa dakika ishirini, kisha akagusa transista kwa kidole. Akakiondoa haraka.

Hapo ndipo alipopaswa kusimama. Alijua transista inataka bamba kubwa la alumini la kutolea joto, na bamba hilo halingeingia kwenye kiboksi alichonacho. Alijua pia kwamba transista ya namna ile ikiungua, mara nyingi haikati umeme, bali inauachia wote upite. Ilihitaji kiboksi kingine cha chuma, na swichi ya pembeni ya kuzima kila kitu. Kazi ya siku moja zaidi, labda mbili.

Mkwe, aliyekuja kuchukua pikipiki yake, alimwona anapuliza kidole. "Baba, kama kuna kitu bado, naweza kusubiri mpaka kesho kutwa. Nitaazima pikipiki ya mwenzangu."

Fundi alikunja uso. Hakupenda kuulizwa mezani pake. "Mwanangu, mimi nilianza kufungua redio za watu kabla mama yako hajakufunga nepi. Panda uende."

Fundi alipomaliza kufunga dampa na kiboksi kwenye pikipiki, mkwe akapanda, akaenda.

Kwa wiki tatu mambo yalikwenda vizuri. Mkwe alipita kila mara kutoa habari. Mwendo wa tisini, mwendo wa mia, usukani umetulia tuli. Fundi akawa hana hadithi nyingine. Mtu akileta simu iliyokufa, anasimuliwa kwanza habari za dampa. "Wenyewe wenye viwanda waje wajifunze," alisema, na watu walicheka wakamwachia simu zao.

Wiki ya nne, siku ya jua kali, saa saba mchana, binti alisikia hodi kwenye dirisha la maabara. Aliyesimama nje alikuwa dereva wa lori asiyemjua, ameshika boksi la baridi kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtoto wa watu.

"Dada, hili limeandikwa lije hapa."

Binti alilipokea, akalifungua. Chupa zote zilikuwa nzima. Akazihesabu, akachukua kalamu, halafu akauliza, "Mwenyewe yuko wapi?"

Yule dereva alivua kofia.

Ilikuwa kwenye kona ya darajani. Pikipiki haikukata kona. Ilikwenda moja kwa moja kama iliyofungwa kwenye reli, ikagonga ukingo wa daraja, na mumewe akatupwa chini kwenye mawe. Hakuna aliyeona. Lori lilifika kila kitu kimeshatulia. Askari wa usalama barabarani alikuja, akapima kwa hatua zake, akaandika: mwendo kasi.

Msibani watu walisema yale ambayo watu husema. Ajali haina kinga. Vijana na mbio zao. Mama wa marehemu, mwanamke mfupi aliyekuwa mpishi wa shule mpaka alipostaafu, alisikiliza yote akiwa ameketi sakafuni. Mara moja tu alimgeukia Fundi, akasema kwa sauti ndogo, "Mwanangu alikuwa anaingia kona polepole hata mimi namcheka. Lakini nitabishana na karatasi?"

Fundi alitazama miguu yake.

Polisi walipomaliza na pikipiki, waliileta karakana kwake, kwa kuwa ni mtu wa familia na ana nafasi. Aliifunika turubai. Siku tisa alifanya kazi huku ameipa mgongo. Siku ya kumi alifunga mlango, akalivuta turubai.

Kitu cha kwanza alichotazama ni kitufe. Kilikuwa kwenye sifuri, sawasawa na alama aliyoikata kwa msumari.

Akaja na betri. Kabla ya kuiunganisha, aliushika usukani uliopinda, akauzungusha, ulikwenda. Akaunganisha betri, akajaribu tena. Usukani uligoma, kama umesimikwa kwenye saruji inayoanza kukauka. Aliutoa umeme, ukalegea. Akaurudisha, ukakaza. Alirudia mara nne, ingawa mara ya kwanza ilitosha. Kisha akakifungua kiboksi. Harufu ilimwambia kabla ya macho: plastiki ilikuwa imeyeyuka upande mmoja, na transista ilikuwa nyeusi kama punje ya mkaa.

Basi mkwe wake alikaribia kona, akapunguza mwendo, akarudisha kitufe sifuri kama alivyofundishwa, na usukani ukakataa. Fundi alijaribu kutofikiria zile sekunde mbili tatu, na hakuweza kufikiria kitu kingine.

Alichukua koleo, akakata nyaya, akakitoa kiboksi. Akakizungushia tambara, akakitia kwenye droo chini ya vipuri vya redio. Dakika moja tu, na pikipiki ikawa haina la kusema. Marehemu hana mdomo, faili limefungwa, na ajali haina kinga.

Siku mbili hakula cha maana. Siku ya tatu binti yake alikuja, bado amevaa koti jeupe la kazini. Alikaa kwenye kiti cha wateja.

"Wamebandika tangazo ukumbini, Baba. Picha yake, na chini wameandika: Mwendo kasi huua. Ni la kuwaonya madereva wenzake. Liko mkabala na dirisha langu. Napita hapo asubuhi, napita nikienda chooni, napita nikitoka."

"Hakuwa anakimbia," Fundi alisema.

"Najua."

"Hujui, mama. Ngoja."

Alifungua droo, akaweka tambara mezani, akalikunjua. Aliongea akikitazama kiboksi. "Kitufe kilikuwa sifuri. Alifanya kila kitu kama nilivyomwambia. Hiki ndicho kilichoungua, kikaukaza usukani. Mimi nimekitengeneza, na mimi nimekitoa pale nikakificha."

Binti alikitazama kwa jicho lilelile la kutazama damu ya watu kwenye kioo.

"Ulijua kitaungua?"

"Nilijua kinapata joto."

"Alikuambia anaweza kusubiri."

Fundi aliinua uso.

"Aliniambia nyumbani," binti alisema. "Alisema, nilitaka kusubiri, lakini Baba alikasirika, nikaona nitamvunjia heshima." Akasimama. "Vaa viatu."

Walikwenda kituoni kwa miguu, yeye mbele, baba yake nyuma. Askari aliyeandika ile karatasi alikuwepo. Alisikiliza, akakuna kidevu.

"Mzee, faili limeshafungwa. Unataka kujitia kitanzi mwenyewe?"

"Andika," Fundi alisema.

"Una uchungu, mzee, naelewa. Nenda nyumbani upumzike."

"Amekuambia andika," binti alisema, na akaweka kiboksi juu ya daftari.

Kesi ilichukua miezi. Mtaalamu aliletwa, akasema yale ambayo Fundi alikwisha sema, kwa maneno marefu zaidi. Hakimu alimpa kifungo cha nje, akamkataza kugusa chombo chochote cha moto. Ukumbini mwa hospitali, tangazo liliondolewa. Zikabaki alama nne za gundi. Binti alihamia kwa mama mkwe wake, chumba cha uani alimolelewa mumewe.

Baada ya hukumu, Jumamosi moja, Fundi alikwenda huko. Mama wa marehemu alimfungulia mwenyewe. Hakumkaribisha ndani, wala hakumfukuza. Alitoa kiti, akakiweka barazani, naye akakaa kizingitini na sinia la mchele anaochagua.

"Nimesikia uliyoyasema kule," alisema. "Nilitaka mtu ayaseme. Sikutaka awe wewe."

"Nisamehe, mama."

Alitoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa uani. "Hilo usiniombe leo."

"Binti yangu yupo?"

"Yupo. Amesema usimwite."

Chini ya pazia la mlango wa pili Fundi aliona miguu anayoijua, imesimama. Hakuita. Alikaa mpaka mchele ukaisha kuchaguliwa na mama akainuka kwenda kuukosha, kisha akaaga akashika njia.

Jumamosi iliyofuata alikwenda tena.